Nani Kati Yao Ndiye Rafiki Mwenye Kipaji?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wasomaji na wanafunzi wa sekondari, maktabani, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakutubi wa maktaba hii, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mlioiacha Jumamosi yenu ili mje kusikiliza habari za riwaya: wakubwa zangu shikamooni, na wanangu hamjambo.

Niliombwa nizungumzie kitabu kimoja kilichonigusa zaidi ya vingine tangu nilipostaafu kufundisha, na sikuhitaji kufikiri kwa muda mrefu. Nitazungumzia riwaya ya mwandishi wa Italia anayejiita Elena Ferrante, iliyotoka kwa Kiitaliano mwaka 2011 kwa jina la L'amica geniale, jina ambalo mimi hulifasiri Rafiki Mwenye Kipaji. Kitabu hicho ni cha kwanza kati ya vinne. Vingine vitatu vilifuata mwaka baada ya mwaka hadi 2014, na vyote vinne ni hadithi moja isiyokatika, inayowafuata wasichana wawili wa mtaa wa kimaskini katika mji wa Napoli, tangu wakiwa watoto wanaocheza na wanasesere hadi wanapokuwa wazee wa miaka zaidi ya sitini. Mimi nilivisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya Ann Goldstein. Jina la Ferrante si la kuzaliwa. Mwandishi amelitumia tangu kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1992, na hajapata kujitokeza hadharani. Nitalirudia suala hili la mtu kutotaka kuonekana, kwa sababu ndilo linaloifungua hadithi yenyewe.

Hadithi inaanza kwa simu. Elena Greco, mwandishi mwenye umri mkubwa anayeishi Torino, anapigiwa na kijana wa kiume wa rafiki yake Lila, anayemweleza kwamba mama yake hapatikani. Lila ana miaka sitini na sita. Hakuondoka na mkoba mmoja kama msafiri. Nguo zake zote hazipo, viatu havipo, vitabu havipo, karatasi hazipo, na katika picha za familia amejikata kwa mkasi, pamoja na zile alizopigwa akiwa mdogo. Elena anaelewa mara moja. Rafiki yake alikwisha kumwambia miaka mingi nyuma kwamba anatamani kutoweka duniani bila kuacha hata unywele nyuma yake. Ndipo Elena, akiwa na hasira, anawasha kompyuta na kuanza kuandika kila anachokikumbuka, ili aone safari hii ni nani atakayeshinda.

Naomba mlishike neno hilo la kushinda. Sisi Waswahili tukitaka kuwasifu marafiki husema wao ni chanda na pete, au kwamba ni wa kufa na kuzikana, na kwa kweli ni sifa nzuri. Lakini chanda na pete havishindani. Ferrante ameandika urafiki ambamo mapenzi na kijicho vinakunywa maji kwa kata moja, na hakuomba radhi kwa hilo. Elena anampenda Lila kuliko mtu yeyote, na papo hapo kuna siku anapofurahi kusikia kwamba Lila ameshindwa. Niliposoma kurasa hizo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikakaa barazani hadi giza likaingia, kwa maana nilikuwa nimemkuta mtu aliyesema jambo nililolificha kwa miaka arobaini.

Watu wanaoizungumzia riwaya hii husema kwamba ni habari ya wasichana wawili walio tofauti sana. Elena ni mpole, mtiifu, mwenye bidii, anayependa kusifiwa na walimu. Lila ni mkavu, mkorofi, mchafu wa magoti, mwenye akili inayokwenda kasi kama moto kwenye nyasi za kiangazi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini nimekuja kuwaambia kwamba hayatoshi. Wasichana hao walizaliwa mwezi mmoja, Agosti 1944, katika mtaa mmoja. Baba wa mmoja alikuwa tarishi katika ofisi za jiji, na baba wa mwingine alikuwa fundi viatu. Walisoma darasa moja, kwa mwalimu mmoja, na aliyekuwa akiongoza siku zote alikuwa Lila, aliyejifundisha kusoma mwenyewe kabla mwalimu hajamfundisha. Tofauti kubwa, ile inayodumu maisha yote, haikutoka tumboni mwa mama zao. Ilitoka mezani, siku wazazi walipokaa na kuhesabu fedha.

Katika Italia ya wakati ule, mtoto aliyemaliza shule ya msingi alisimama kwenye njia panda akiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja. Aliyetaka kuendelea na shule ya kati, ile iliyofundisha Kilatini na kufungua njia ya sekondari ya juu na chuo kikuu, alilazimika kufanya mtihani wa kuingia. Wengine walielekezwa kwenye mafunzo ya kazi za mikono, au walirudi nyumbani. Njia hizo mbili hazikuunganishwa mpaka ilipotungwa sheria ya mwisho wa mwaka 1962, nao Elena na Lila walikuwa wamekwisha kupita. Mwalimu Oliviero alikwenda kwa wazazi wa Elena, akawasihi, akawatisha, na baba akakubali. Alikwenda pia kwa wazazi wa Lila, nao wakakataa. Lila alipoendelea kudai haki yake, baba yake alimrusha nje kupitia dirishani. Mtoto alianguka barabarani, mkono ukavunjika, akainua uso na kumwambia rafiki yake kwamba hakuumia.

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini na nimesoma maelezo mengi ya wahusika wanaolia, wanaoapa, wanaolalamikia dunia. Sijui sentensi iliyobeba uchungu zaidi ya ile ya mtoto aliyevunjika mkono anayesema hakuumia.

Baada ya hapo mwalimu yule yule aliyempigania anamgeuka. Anamwambia Elena aachane na Lila, kwa kuwa anayekubali kubaki katika ukabwela hastahili kuhurumiwa. Hapa mimi kama mwalimu nasimama na kujiuliza: tumewahi kuwafanya wanafunzi wangapi hivyo? Mtoto anaacha shule kwa sababu ambayo hakuichagua, nasi tunaanza kumtaja kana kwamba yeye ndiye aliyeiacha elimu. Tunalifuta jina lake kwenye rejesta kwa kalamu nyekundu, na wiki inayofuata hatumtaji tena.

Sasa niruhusuni niingize maisha yangu, si kwa kujisifu, bali kwa sababu siwezi kuisoma riwaya hii kwa macho ya mtu mwingine.

Nilikulia kwenye mwalo mmoja wa dagaa upande wa Igombe. Nilikuwa na rafiki. Sitamtaja jina, kwa kuwa yu hai, na kwa sababu nyingine mtakayoisikia baadaye. Tulimaliza darasa la saba mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya serikali kuagiza kwamba kila mtoto aende shule, wakati madarasa yalipofurika hata wengine wakakaa chini ya mwembe. Vitabu vilikuwa haba. Kitabu kimoja cha hesabu tulikitumia watoto sita, na mwenye nguvu za kifua ndiye aliyekishika. Rafiki yangu hakugombania. Yeye alinifundisha sehemu, zile hesabu za nusu na robo na theluthi ambazo mwalimu alizipitia haraka, kwa kutumia sado. Kwa walio wageni hapa mjini, sado ni kile kikopo cha plastiki kilichokuwa cha rangi ya kupaka nyumba, ambacho mama zetu hupimia dagaa hata leo pale Kirumba Mwaloni. Alikijaza dagaa wakavu, akamwaga nusu kwenye kanga, akagawa nusu ile mara tatu, kisha akaniuliza: kila fungu ni sehemu gani ya sado? Nikasema theluthi. Akatikisa kichwa, akazirudisha zote, akaanza tena bila kunicheka. Mara ya tatu nikaona mwenyewe kwamba ni moja ya sita, na tangu siku ile mpaka leo sijapata kukosea sehemu.

Katika riwaya kuna jambo linalofanana na hilo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Elena ameingia shule ya kati na Kilatini kinamshinda. Lila, aliyefungiwa kwenye kibanda cha viatu cha baba yake, amekwisha kuazima kitabu cha sarufi maktabani na kujifunza peke yake. Anamwambia Elena asianze kufasiri neno la kwanza kisha la pili. Aitazame sentensi nzima, akitafute kitenzi, na kitenzi kitamwonyesha mtenda ni nani. Mengine yatajipanga yenyewe. Elena anafuata maelekezo hayo, na anafaulu. Cheti kinaandikwa jina lake.

Na kwa kuwa tumekutana maktabani, lazima niwaambie pia habari ya zawadi. Maktaba ya mtaa wao ilitoa zawadi kwa wasomaji watano walioazima vitabu vingi zaidi. Majina yakasomwa mbele ya watu. Wa kwanza alikuwa Lila, wa pili baba yake, wa tatu mama yake, wa nne kaka yake, na Elena akawa wa tano. Mtaa mzima ulijua kwamba fundi viatu yule si msomaji wa vitabu. Lila alikuwa amechukua kadi kwa jina la kila mtu wa nyumbani kwao, kwa sababu kadi moja haikumtosha. Wakutubi, mkimwona mtoto ameleta kadi ya mama yake, tafadhali msimfukuze.

Mimi na rafiki yangu tulifaulu wote wawili. Enzi hizo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na shule moja ya mwaloni kutoa wasichana wawili lilikuwa jambo la kupigiwa vigelegele, na kweli vilipigwa. Baba yangu aliuza ng'ombe mmoja, akaninunulia tranka, godoro na sare. Kwao mama alikuwa amejifungua mapacha na hali yake haikuwa nzuri, na baba akasema kwamba nyumba haiwezi kubaki bila mwanamke wa kushika moto. Hakupigwa. Hakurushwa dirishani. Aliambiwa tu, jioni, wakati wa kula, na akaendelea kula. Asubuhi nilipokwenda kumuaga, nilimkuta anaanika dagaa juu ya mwamba, akawageuza kwa ufagio wa njiti, na akaniambia nisichelewe gari.

Kila likizo nilirudi na madaftari yangu, naye aliyasoma yote. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hawaendi ziwani, hivyo karabai hubaki nyumbani. Aliazima ya baba yake na kusoma daftari la historia mpaka mafuta yalipokaribia kuisha. Mwaka wangu wa tatu alinieleza, kwa Kisukuma, kosa nililolifanya katika insha ya Kiswahili, nami nikachukia. Sikuchukia kwa kuwa alikosea. Nilichukia kwa kuwa alikuwa sahihi.

Suala la lugha limo kwenye riwaya pia, na mtu wa Mwanza ataliona mapema kuliko msomaji wa kwingine. Wahusika wa Ferrante wana lugha mbili: lahaja ya Napoli, inayosemwa nyumbani, sokoni na wakati wa ugomvi, na Kiitaliano cha shule. Mwandishi anatuambia kila mara ni ipi inayotumika. Elena anapopanda madarasa, Kiitaliano chake kinanyooka, na lahaja inaanza kumkwama kooni. Akirudi mtaani hajui tena azungumzeje na mama yake bila kuonekana anajikweza. Nani kati yetu hakuwahi kurudi kijijini na Kiswahili cha shule, halafu na Kiingereza cha sekondari, akaona bibi yake amenyamaza ghafla? Lila naye anakijua Kiitaliano vizuri. Anakitumia anapotaka, kisha anakitupa, na kumlazimisha Elena amjibu kwa lahaja. Ni namna yake ya kusema: nakumbuka ulikotoka, kwa sababu mimi bado nipo pale.

Kuna jambo jingine dogo la Napoli ambalo lilinishtua. Mji ule umejengwa kando ya ghuba, na ndani ya ghuba kuna kisiwa kinachoitwa Capri, jina lile lile mnalolisikia kila siku mkipanda daladala kuelekea Capri Point. Lakini watoto wa mtaa wa Elena hawakuwa wameiona bahari. Siku moja Lila anapanga watoroke shule waende kuitafuta kwa miguu. Wanapita kwenye handaki lenye giza, wanatembea kwa muda mrefu, mvua inaanza, na anayeogopa na kutaka kurudi ni Lila, yule asiyeogopa kitu. Elena anarudi nyumbani na kupigwa. Baadaye anaanza kushuku kwamba huenda rafiki yake alimtoa makusudi, ili wazazi wakasirike na kumkatalia shule ya kati. Mwandishi hatoi jibu. Mimi nina jibu langu: nadhani Lila mwenyewe hakujua, na aligeuka katikati ya njia kwa sababu aliona anachokitenda. Hapa kwetu nawajua watu wazima waliozaliwa Mabatini, wakaishi humo, na hawajapata kupanda meli ya Nansio. Maji yanaonekana kutoka kwenye kila mlima wa mawe wa mji huu, na bado kuna mtoto ambaye kwake ziwa ni rangi tu kwa mbali.

Kitabu cha pili na cha tatu vina mambo mengi ya ndoa, siasa, migomo ya wafanyakazi na usaliti wa wanaume. Sitakaa nayo leo. Nitataja matukio mawili.

La kwanza ni ndoa ya Lila, inayofunga kitabu cha kwanza. Ana miaka kumi na sita. Anaolewa na mwenye duka la vyakula, mtu aliyeonekana mwema na mwenye fedha. Asubuhi ya harusi Elena anamwogesha kwenye beseni la shaba, na hapo ndipo linapotamkwa neno lililotoa jina la riwaya. Msomaji amekwisha kuamini kwa mamia ya kurasa kwamba mwenye kipaji ni Lila. Lakini ni Lila anayemwambia Elena: wewe ndiwe rafiki yangu mwenye kipaji, soma hadi mwisho, uwapite wote, wavulana na wasichana, nami fedha nitakupa. Bibi harusi anamkabidhi mwenziwe maisha aliyonyimwa. Jioni ile ile kwenye karamu anaona kwamba viatu alivyovibuni mwenyewe akiwa mtoto, na ambavyo mume alivinunua kwa kisingizio cha mapenzi, vimevaliwa na mwanamume anayemchukia kuliko wote. Ndoa imevunjika kabla keki haijakatwa, ingawa itaendelea kwa miaka kadhaa.

Miaka kumi na sita. Mabinti zangu, msidhani hiyo ni habari ya Napoli ya zamani pekee. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu binti wa miaka kumi na mitano kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, na wa kumi na minne kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa Januari 2016, na mwaka 2022 ikafuata ya kidato cha tano na cha sita. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Nayasema haya kwa sababu meza ile ya kuhesabu fedha imesogezwa. Haijaondolewa. Rafiki yangu aliozwa akiwa na miaka kumi na saba, kwa ng'ombe kumi na wawili, akavushwa kwenda Ukerewe, na mimi siku hiyo nilikuwa kwenye mitihani.

Tukio la pili linahusu daftari dogo. Akiwa na miaka kumi hivi Lila alikuwa ameandika hadithi, akaiita Fata blu, yaani malaika wa kike wa bluu wa ngano za watoto wao, akampelekea mwalimu Oliviero. Mwalimu hakusema lolote. Miaka mingi baadaye Elena amekwisha kuhitimu chuo Pisa, ameandika riwaya yake ya kwanza, na watu wanaisifu. Mwalimu anafariki, na katika vitu vyake Elena anapewa daftari lile. Analifungua na kukuta pembeni mwa kila ukurasa mwalimu ameandika sifa, vizuri, vizuri sana, sifa ambazo mtoto hakuambiwa kamwe. Kisha anaona jambo zito zaidi: moyo wa riwaya yake mwenyewe, ile iliyompa jina, umo ndani ya kurasa zile za mtoto wa miaka kumi. Anakwenda kumtafuta Lila, ambaye wakati huo anafanya kazi ya mateso katika kiwanda cha soseji, mikono imekatikakatika, na anampa daftari. Wanaagana. Elena anapogeuka kutazama nyuma, anamwona Lila akilitupa motoni.

Msomaji mmoja aliniambia kwamba hapo Lila alionyesha roho mbaya. Sikubaliani naye hata kidogo. Daftari lile lilikuja likiwa limechelewa miaka kumi na zaidi, limeletwa na mtu aliyekwisha kula matunda yake. Angelifanyia nini kiwandani?

Elena naye alikuwa na deni la namna hiyo hiyo. Mwaka 1966 Lila alimkabidhi sanduku la bati lililojaa madaftari aliyoyaficha mumewe asiyaone, akamwapisha asiyafungue. Elena aliyafungua ndani ya treni, akayasoma yote, akakariri vifungu alivyovipenda, kisha akaenda kwenye daraja la mto Arno na kulisukuma sanduku majini. Hakuweza kuvumilia kuishi karibu na sentensi zile.

Mimi sikutupa kitu majini. Nilifanya jambo la kimyakimya zaidi. Rafiki yangu aliniandikia barua kutoka Ukerewe, akizituma kwa mkono wa abiria wa meli, kwa mwandiko ulioinama kushoto. Barua tatu za kwanza nilizijibu. Ya nne ilikuwa nzuri mno. Aliandika juu ya usiku wa giza ziwani, jinsi karabai za wavuvi zinavyoonekana kutoka kilimani kama mji ambao hubomolewa kila kukicha. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa mafunzo ya ualimu, na nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika insha ya wasifu. Nililichukua lile la mji unaobomolewa, nikaliweka kwenye insha yangu, na mkufunzi akalisoma mbele ya darasa. Baada ya hapo sikuwa na uso wa kumjibu, na barua zikakoma.

Ndiyo maana nasema kwamba kitabu hiki si sifa ya urafiki. Ni hesabu. Elena anahesabu kurasa kwa kurasa alichopewa na alichochukua, na ukimsoma vizuri utaona kwamba hata hasira ya kumwandika Lila asiyetaka kuandikwa ni sehemu ya hesabu hiyo. Wasomi huuliza kama alikuwa na haki. Nilikuwa nikiliona swali hilo kuwa la darasani, mpaka mlipoialika sauti yangu hapa.

Sisi wa Ziwa tuna urithi wa riwaya. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ni kitabu cha mume na mke wanaotafuta mtoto, na maisha ya kisiwa yamo humo kwa ukamilifu unaonishangaza kila nikirudi. Lakini wasichana wawili wa mwaloni, mmoja anayepanda gari na mmoja anayeanika dagaa, bado wanamngoja mwandishi wao. Lugha yetu ina majina mengi ya uhusiano huo, shoga, somo, mwandani, msiri, na kila jina limebeba kivuli chake. Kati ya mabinti waliokaa mstari wa nyuma nawaona wawili wanaogawana kiti kimoja ingawa viti vipo.

Mwezi uliopita nilipanda meli kwenda Nansio. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi. Ana meza yake ya dagaa sokoni, ana wajukuu, na anavaa miwani iliyofungwa uzi. Kiingereza hakukisoma, kwa hiyo nilimsimulia riwaya nzima kwa jioni mbili, tukichambua dagaa kwenye ungo, tukitoa mawe na magamba ya konokono. Hakunikatiza mara nyingi. Nilipofika kwenye daftari lililotupwa motoni alisema, "Alifanya vizuri." Nilipofika kwenye sanduku lililotupwa mtoni, mikono yake ilisimama, akauliza kama huyo Elena aliwahi kumwambia mwenziwe alichokifanya. Kisha akaendelea kuchambua.

Nikamweleza habari ya insha. Alinitazama juu ya miwani. Akasema alikuwa na wasiwasi kwamba ile barua haikufika.

Ndipo nilipomwomba ruhusa ya kumzungumzia mbele yenu. Alifikiri kwa muda, akapepeta ungo, akasema nisimtaje jina wala kitongoji chake, kwa kuwa hataki watu waje kumtazama. Lakini alikuwa na sharti. Alitaka niwaambie nafasi yake katika matokeo ya mwisho ya darasa la saba, kwani wajukuu wake wanamwona bibi wa dagaa tu, na mmoja wao anasoma hapa mjini na huenda yupo ukumbini.

Tulikuwa wanafunzi arobaini na sita. Mimi nilikuwa wa pili.